Uholanzi ukinyamaza, jiandae kukaa benchi

KINDA wa Kibongo ametua Uholanzi kwa majaribio ya wiki mbili. Miguu anayo, pumzi anayo, na video zake zimezunguka mitandaoni hadi zikamfikia skauti. Jioni ya kwanza kocha msaidizi anamwambia kikao cha timu kesho ni 'half tien'. Kinda anatikisa kichwa, "ndiyo mwalimu", anakwenda kulala.

Kiingereza chake cha shule kinamwambia hiyo ni kumi na nusu kwa saa za Kizungu, yaani saa 4:30 asubuhi. Anaamka mapema, anakunywa chai, anafika klabuni saa 4:10 akijipongeza kwa kuwahi dakika 20. Anakuta wenzake wako uwanjani, jasho linawatoka. Kikao kilikuwa saa 3:30.

Hakuchelewa kwa uvivu. Alichelewa kwa sababu Mholanzi akisema 'half tien' hamaanishi kumi na nusu. Anamaanisha nusu ya safari ya kwenda kumi, yaani tisa na nusu. Saa nzima imepotea kwa neno moja.

Kisa hicho ni cha mfano tu, lakini mtego wake ni wa kweli na unamsubiri kila anayetua pale. Katika majaribio ya siku 14, kuchelewa siku ya kwanza ni sawa na kuanza mechi ukiwa nyuma kwa mabao mawili.

Mashabiki wa huku wamezoea kuamini kwamba Ulaya mchezaji anashindwa kwa sababu ya baridi au kwa sababu hana mwili. Hayo yapo. Ila kuna mambo madogo madogo ya kila siku, ya saa, meza, salamu na maneno, ambayo hayaonekani kwenye video za skauti. Na Uholanzi ni moja ya nchi ambazo mambo hayo yanaweza kumweka fundi benchi bila yeye kujua amekosea wapi.

SAA NA NAMBA ZINAZOPINDUKA

Kwa Mswahili, saa ni jambo la jua. Linachomoza karibu saa 12, tunaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili. Hesabu hiyo inatufaa kwa kuwa huku kwetu, karibu na ikweta, jua halibadilishi sana ratiba yake mwaka mzima.

Uholanzi jua lina mambo yake. Desemba linachomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama kama saa 10:30 jioni. Mchezaji anatoka nyumbani gizani, anarudi gizani. Ikifika Juni mambo yanageuka, jua linazama saa 4 usiku, na mtu anajikuta anavuta pazia ili apate usingizi.

Juu ya hilo kuna saa ya Kiholanzi yenyewe. Saa 3:25 wao husema 'tano kabla ya nusu ya kumi'. Saa 3:35 ni 'tano baada ya nusu ya kumi'. Mswahili anatakiwa aipige hesabu mara mbili, kwanza aondoe nusu, halafu aongeze au apunguze saa sita. Akikosea hatua moja, basi la timu limeondoka.

Namba nazo ni hivyohivyo. Sisi tunasema ishirini na nne. Mholanzi anasema 'vierentwintig', yaani nne na ishirini. Ukiandika namba ya simu aliyokutajia kwa haraka, unaandika 42 badala ya 24, na unampigia mtu mwingine kabisa.

Klabu nyingi za kule zina chungu cha faini cha wachezaji wenyewe. Umechelewa dakika mbili, unalipa. Hakuna foleni ya Mandela Road ya kusingizia, na neno 'nipo njiani' halina soko. Kwao, kumchelewesha mtu ni kumwonyesha kuwa muda wake hauna thamani.

'NDIYO MWALIMU' INAVYOPONZA

Hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi.

Kijana wa Afrika Mashariki amelelewa kumheshimu mkubwa. Kocha ni mwalimu. Mwalimu akiongea, unasikiliza, unaangalia chini kidogo, unaitikia. Kumuuliza 'kwa nini' mbele ya wenzako ni utovu wa nidhamu, na huku mchezaji wa namna hiyo anaandikwa magazetini kuwa ana kiburi.

Uholanzi mambo ni kinyume. Kocha anasimamisha mazoezi, anamgeukia beki wa kulia, anamuuliza kwa nini alipanda juu. Hamfokei. Anataka jibu. Beki anajibu kwamba winga wake hakurudi, winga anadakia kuwa kiungo alichelewa kufunika, kiungo naye ana lake. Mgeni akiona hivyo anadhani timu inagombana. Kumbe ndiyo mazoezi yenyewe.

Soka la Uholanzi limejengwa juu ya nafasi. Nani asimame wapi, nani afungue njia, nani azibe. Mfumo huo ulioletwa na Rinus Michels na kina Johan Cruyff pale Ajax miaka ya 1960 na 1970 unamtaka mchezaji afikiri na aseme anachokiona. Anayekaa kimya anaonekana haoni kitu.

Sasa weka pale kinda aliyefundishwa kuitikia tu. Kocha anamuuliza ameelewa? Ndiyo. Ana swali? Hapana. Anaingia uwanjani anasimama pasipo. Kocha hasemi kuwa kijana ana adabu. Anaandika kwenye ripoti kuwa hana uthubutu, haongei, hashirikiani na wenzake.

Adabu ileile iliyomfanya apendwe Mbagala au Kisumu ndiyo inayomkatia tiketi ya kurudi.

Kuna jambo lingine linalowachanganya wageni. Mholanzi hukuambia ukweli usoni, bila kuupaka asali. "Pasi zako za leo zilikuwa mbaya." Basi. Hakuna 'kaka samahani', hakuna kuzunguka mbuyu. Mswahili anayesikia hivyo anakosa usingizi, anajiuliza amemkosea nini jamaa. Kesho yake jamaa huyohuyo anamwita kunywa kahawa, anacheka naye kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwake kweli hakuna lililotokea. Alisema kuhusu pasi, hakusema kuhusu mtu.

DAVIDS NA HIDDINK

Mfano mzuri ni Edgar Davids. Kwenye Euro 1996 kiungo huyo alimsema kocha wake Guus Hiddink hadharani, na kwa maneno makali. Hiddink akamfungashia virago, akarudishwa nyumbani mashindano yakiendelea.

Huku kwetu hadithi ingeishia hapo. Kocha na mchezaji wangenuniana hadi wazeeke, na mashabiki wangegawanyika makundi mawili.

Miaka miwili baadaye, kwenye Kombe la Dunia 1998 Ufaransa, kocha alikuwa Hiddink yuleyule, na kwenye kiungo alikuwapo Davids yuleyule. Hatua ya 16 bora dhidi ya Yugoslavia, matokeo yakiwa 1-1 na muda wa nyongeza ukinukia, Davids akapiga shuti dakika za majeruhi. Nyavu zikatikisika, Uholanzi ikasonga mbele.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili. La kwanza, uwazi wa Waholanzi una mpaka wake. Sema kwenye kikao, ukimsema kocha kwa waandishi utapanda ndege. La pili, wakishasemana wanaweza kurudi kazini. Mgeni anayebaki na kinyongo ndiye anayebaki nyuma.

Makocha wa kutoka huko tumewaona hapa. Ernie Brandts aliipa Yanga ubingwa wa msimu wa 2012/13, na huyo ni mtu ambaye kwenye Kombe la Dunia 1978 alijifunga dhidi ya Italia kisha akasawazisha mwenyewe katika mechi ileile. Hans van der Pluijm akabeba ubingwa na Yanga 2014/15 na 2015/16. Mart Nooij akaifundisha Taifa Stars hadi 2015. Wote hao walikuja na desturi ya kwao ya kusema jambo kama lilivyo, katika nchi ambayo mtu huanza na salamu tano kabla ya kufika kwenye hoja.

'G' YA KOONI NA 'KI' YA KIHOLANZI

Habari njema ni kwamba Kiholanzi si mlima usiopandika, na Mswahili ana mtaji wake.

Wazungu wengi huhangaika na herufi 'g' ya Kiholanzi inayotokea kooni. Waingereza hutoa jasho kwa hiyo. Mtu wa Pwani aliyezoea kusema 'kheri' na 'Khamis' kwa sauti ya Kiarabu, hasa wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, tayari anayo kooni. Akisema 'goedemorgen', yaani habari ya asubuhi, wenyeji wanageuka kumtazama.

Mtaji wa pili ni mdogo lakini mtamu. Mswahili akitaka kukifanya kitu kiwe kidogo anaweka 'ki': kitoto, kijiji, kijumba. Mholanzi anaweka 'je' mwishoni. Kikombe cha kahawa ni 'kopje', tiketi ni 'kaartje', yaani kikadi. Hata mechi fupi ya mwisho wa mazoezi wanaiita 'partijtje', kimechi.

Ila usidanganyike na hako ka-'je'. Kocha akisema kuna 'probleempje', kitatizo, kinaweza kuwa tatizo la ukubwa wa kontena.

Uwanjani ndiko lugha inakohitajika haraka zaidi, na maneno yenyewe si mengi. 'Rug' ni mgongo, maana yake kuna mtu nyuma yako. 'Tijd' ni muda, yaani tulia huna mtu. 'Diep' ni mbele, kwenye nafasi. 'Kaats' ni gonga urudishe. Kipa akipaza sauti 'los', anasema mwachieni, mpira wake.

Mchezaji asiyejua 'rug' atapokonywa mpira mara tatu ndani ya dakika kumi. Jukwaani watasema hana utulivu. Kumbe ameonywa mara zote tatu, ila kwa lugha ambayo hakuisikia.

Luis Suarez ni shahidi. Alitua FC Groningen mwaka 2006 akiwa na miaka 19, hajui Kiholanzi. Akajifunza kwa nguvu, akaanza kuelewana na wenzake na kocha. Mwaka uliofuata akasajiliwa na Ajax, na baadaye akawa nahodha. Msimu wa 2009/10 akafunga mabao 35 ya ligi. Kipaji kilikuwa chake tangu Uruguay, lakini kitambaa cha unahodha hakivaliwi na mtu asiyeweza kuzungumza na wenzake.

Na zamani zaidi, Nwankwo Kanu na Finidi George walitoka Nigeria kwenda Ajax mwaka 1993. Mei 24, 1995 wote wawili walicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Vienna, Ajax ikaichapa AC Milan 1-0. Waafrika wanaweza, na wameshaweza.

MEZANI HAKUNA 'KARIBU'

Klabu za kule huwaweka vijana wengi wa akademi kwenye familia za wenyeji. Hapo ndipo maisha halisi yanaanzia.

Mchana ni mkate. Mkate na jibini, na glasi ya maziwa, wakati mwingine mtindi ambao Mmasai angeufurahia. Kijana aliyetoka mazoezini akiwa na ndoto ya wali nazi anaulizwa kama anataka mkate mmoja au miwili. Kuna hata wanaonyunyizia vipande vya chokoleti juu ya mkate, watu wazima kabisa, na wanaenda zao kazini.

Chakula cha moto ni jioni, na jioni maana yake ni saa 12 kamili. Viazi vimehesabiwa, nyama vipande vinne kwa watu wanne. Ukimleta rafiki bila taarifa, umeleta hesabu isiyogawanyika. Huku kwetu mgeni akifika watu wakiwa mezani, anaambiwa karibu, sinia linasogezwa. Kule mgeni asiye na ahadi anaweza kuambiwa kwa upole kwamba familia inataka kula, arudi baadaye.

Si uchoyo. Kila kitu kimepangwa kwenye ajenda, kile kijitabu au simu yenye tarehe. Hata rafiki yako wa karibu atakwambia mkutane Jumamosi ya wiki ijayo saa 9 alasiri. Na siku hiyo atakuwepo saa 9, si saa 10 kasorobo.

Pesa nazo ni hivyo. Mmekula pamoja, kila mtu analipa chake. Tangu 2016 kuna programu ya simu inaitwa Tikkie, mtu anakutumia ombi la malipo ya kahawa uliyokunywa. Staa wa Bongo aliyezoea kuwalipia washkaji meza nzima anaweza kudhani ametukanwa. Hajatukanwa. Ametumiwa bili.

Chakula kinachofanana na cha kwetu hakikosekani. Stamppot, viazi vilivyopondwa pamoja na mboga, kitamkumbusha Mkenya mukimo. Na anayetaka mihogo, bamia, ndizi mbichi na pilipili aende maduka na masoko ya Wasuriname na Waafrika. Amsterdam Kusini-Mashariki, palepale ilipo Johan Cruijff ArenA, kuna Wasuriname na Waghana wengi. Rotterdam, upande wa kusini unakocheza Feyenoord, kuna soko la Afrikaander. Nyama halali nayo inapatikana kirahisi, kwani Wamorocco na Waturuki wako nchi nzima.

Usafiri ni baiskeli. Nchi ya watu karibu milioni 18 ina baiskeli zaidi ya milioni 20. Waziri anaendesha, daktari anaendesha, kinda wa akademi anaendesha kwenye mvua akiwa na begi mgongoni. Anayeona aibu kupanda baiskeli kwa kuwa yeye ni 'pro' atatembea sana.

KEKI UNALETA MWENYEWE

Siku ya kuzaliwa huku kwetu mchezaji anavizia kumwagiwa maji na kupakwa unga na wenzake. Kule mwenye siku yake ndiye analeta keki kwa timu nzima. Ukikaa unasubiri kufanyiwa sherehe, utasubiri hadi mwaka ujao.

Na ukialikwa nyumbani kwa mwenye siku, humpongezi yeye peke yake. Unampongeza mama yake, baba yake, kaka yake na hata jirani aliyekaa kwenye kiti. Unazunguka duara zima ukitoa mkono. Kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu na marafiki, usishangae, nyumba nyingi huitundika chooni.

Baada ya mechi, hasa kwenye klabu za mitaani, kuna wanachokiita kipindi cha tatu. Vipindi viwili vimekwisha uwanjani, cha tatu kinachezwa kwenye kantini, bia na vitafunio vya kukaanga mezani. Asiyekunywa pombe si lazima anywe, soda ipo. Ila anayekimbilia kitandani kila wiki anakosa kitu, kwa sababu hapo ndipo mtu anajulikana jina, na kesho yake anapewa pasi.

GIZA, BARIDI NA MFUNGO

Baridi ya Uholanzi si theluji sana, ni upepo na mvua ya pembeni. Wabrazili Romario na Ronaldo walipita PSV Eindhoven wakafunga mabao ya kutosha, na Ronaldo alifunga 30 kwenye msimu wake wa kwanza wa ligi, 1994/95. Kwa hiyo baridi haizuii bao. Inachozuia ni furaha, ikimkuta mtu yuko peke yake chumbani saa 11 jioni na nje kumeshakuwa giza.

Kwa Waislamu kuna mtihani wa Ramadhani. Ukiangukia kwenye miezi ya siku ndefu, mfungo unaweza kupita saa 17. Mei 8, 2019 Ajax ilicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Tottenham, na Hakim Ziyech na Noussair Mazraoui walikuwa wamefunga siku hiyo. Ziyech alifunga bao, ingawa Lucas Moura aliwavunja moyo kwa bao lake la tatu dakika za mwisho kabisa, Ajax ikafa 3-2.

Kuhusu kupeana pole, lugha yao inayo maneno. Mtu akipatwa na shida wanamwambia 'sterkte', yaani nguvu. Akiumwa ni 'beterschap', upate nafuu. Ila hawasemi kwa kila jambo kama sisi tunavyosema pole kwa mtu aliyejikwaa, aliyetoka kazini, au aliyepanda ngazi tu. Mgeni asipolisikia asidhani hapendwi.

SI KILA NENO KALI NI UWAZI

Hapa lazima mstari uchorwe. Kuambiwa pasi zako mbovu ni uwazi. Kutukanwa rangi yako ni ubaguzi, na hauna jina lingine.

Novemba 2019, winga wa Excelsior, Ahmad Mendes Moreira, alitukanwa na mashabiki kwenye mechi dhidi ya FC Den Bosch. Alitoka uwanjani akilia, mechi ikasimama kwa muda. Siku mbili baadaye Georginio Wijnaldum alipofunga dhidi ya Estonia, alikwenda pembeni na Frenkie de Jong, wakaweka mikono yao pamoja wakionyesha ngozi zao, mmoja mweusi na mwingine mweupe. Wikiendi hiyo wachezaji wa ligi mbili za juu walisimama tuli dakika ya kwanza ya mechi.

Kwa kijana anayekwenda, somo ni moja. Asivumilie tusi kwa kudhani ndiyo utamaduni wa wenyeji. Na asichukulie kila ukosoaji kuwa ni tusi. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi ngumu kuliko kujifunza lugha yenyewe.

KWA NINI WENGI WANAPITIA UBELGIJI

Shabiki atauliza, mbona hatuwaoni Wabongo na Wakenya wengi Eredivisie? Jibu kubwa liko kwenye karatasi, si miguuni.

Sheria za Uholanzi zinataka mchezaji anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, akiwa na miaka 20 au zaidi, alipwe angalau asilimia 150 ya wastani wa mshahara wa Eredivisie. Wa miaka 18 na 19 kiwango chake ni nusu ya hicho. Klabu ndogo haiwezi kumbahatisha kinda asiyejulikana kwa mkwanja huo. Na chini ya miaka 18, kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa isipokuwa kwa masharti machache. Wakala anayemwambia mzazi kuwa mtoto wa miaka 15 ana dili Amsterdam na anachohitaji ni hela ya viza tu, huyo aulizwe maswali mengi.

Ubelgiji kiwango cha chini kiko chini zaidi, na ndiyo maana ndugu zetu wengi wamejifunzia Kiholanzi huko, upande wa Flanders. Mike Okoth Origi alikuwamo Genk ilipochukua ubingwa 1999. Victor Wanyama alipita Germinal Beerschot, Antwerp, kabla ya Celtic. Mbwana Samatta alitoka TP Mazembe akatua Genk Januari 2016, akawa bingwa wa Ubelgiji 2019 na mwaka huo akabeba Kiatu cha Ebony. Kelvin John akamfuata Genk, na Novatus Dismas akacheza Zulte Waregem.

Lugha ni ileile, ila tabia si zilezile. Mfleming ni mpole zaidi wa maneno, 'g' yake ni laini, na mara nyingi humwona jirani yake Mholanzi kuwa ana sauti kubwa mno. Anayetoka Genk kwenda Rotterdam bado ana somo la kujifunza.

NENO LA KWANZA

Wazazi na makocha wa akademi za huku hutumia miezi kumwandaa kijana kwa majaribio. Mbio za ufukweni, viatu vipya, video. Ni vizuri. Ila saa moja ya kumfundisha saa ya Kiholanzi, maneno kumi ya uwanjani, na namna ya kumtazama kocha machoni na kumuuliza swali bila kukosa adabu, inaweza kumsaidia kuliko wiki nzima ya mbio.

Asiache heshima yake nyumbani. Aende nayo, ila ajue kwamba kule inaonyeshwa kwa njia nyingine: kufika kabla ya muda, kusema unachokiona, kukiri usichokijua.

Turudi kwa kinda wetu wa mwanzo. Jioni ile kocha msaidizi alipomwambia 'half tien', alimtazama akamuuliza kama ameelewa. Jibu lililompeleka uwanjani saa 4:10 lilikuwa ndiyo mwalimu.

Jibu ambalo lingemwokoa lina maneno mawili tu, na ndilo la kujifunza kabla hata ya kufunga begi: "Nee, trainer." Hapana, mwalimu. Sijaelewa.